Kabla Hujawasha

Ngoja, Lubeleje. Usiwashe.
Fungua kwanza waya hasi wa betri.
Kule dukani kwako unapima dawa kwa gramu;
huku Gerezani kosa halipimwi, linanuka:
altaneta imeungua
na wewe unaniuliza nani kagusa.

Tenki limetoka? Litoe.
Usiniambie ni tupu. Tenki tupu ndilo lenye njaa.
Mvuke wa petroli hukaa humo kama mpangaji
asiyelipa kodi wala asiyehama.

Sasa kwangua.
Rangi, lami, kutu, tope la Jangwani la masika yaliyopita,
kwangua mpaka chuma kikuone uso.
Moto haushiki juu ya uchafu, unatema.
Ukiusikia unatema kama mafuta ya maandazi yaliyoingia maji,
acha, rudi kwenye brashi ya waya.

Klempu ya erthi ibane karibu na jeraha,
si kwenye bampa eti ndiko mkono ulikofika.
Umeme ni mvivu, hutafuta njia ya mkato,
na mkato ukipita kwenye beringi
utaisikia ikilia kutoka hapa mpaka Mbagala.

Vijiti umevihifadhi wapi?
Chini ya kitanda, Kigamboni, na chumvi yote ile hewani?
Vimekunywa. Mwombe Bi Siwatu wa chapati
nafasi pembeni ya jiko lake, vikauke.
Na lile bomba la zinki ulilopewa na fundi maji, lirudishe.
Moshi wake mweupe ni homa ya usiku kucha,
na maziwa hayaitibu. Wewe mfamasia, nikufundishe mimi?

Wahenga walisema ziba ufa. Hawakuchomelea chasisi.
Ufa wa chuma hauzibwi, unachimbwa:
toboa tundu dogo kila mwisho wake, usije ukatembea,
ufuate kwa grinda mpaka utoweke,
ndipo ujaze, kutoka chini,
kama anayejaza kibuyu chenye shingo nyembamba.

Bati la mlango lina hasira zaidi.
Doa hapa. Doa kule mwisho. Doa katikati.
Pumzika, waache wapoe, wewe na bati.
Ukilikimbiza mstari mmoja litajikunja,
na mlango utaufunga kwa teke mpaka siku ya kuuza gari.

Kisha gonga ganda. Gonga tena, kwa nguvu,
kama humpendi aliyechomelea.

Jumamosi ile uliniletea mshono wako wa kwanza
umeshaupaka rangi, unang'aa.
Niligonga mara moja. Ukabanduka kama kigaga.
Hukusema kitu. Ulikunja mikono ya shati lako jeupe la kazini,
lile ambalo leo ni chujio kwa cheche.

Basi nikwambie lisilomo kwenye bei.
Mwaka wangu wa kwanza nilichomelea pikapu ya mtu wa Tandika
juu ya kutu, luku ikikaribia kuisha.
Nikafunika kwa puti, nikapiga rangi, nikalipwa.
Bado inatembea.
Mwezi jana niliiona Buguruni imebeba matofali,
na juu ya matofali vijana wawili wamelala.
Nilikimbia kuifuata, taa zikawa kijani.
Namba sikuishika. Mshono naukumbuka:
kushoto, nyuma ya gurudumu, upana wa vidole vinne.
Ukiiona, msimamishe dereva.
Mwambie aje. Simtozi.

Haya. Ndoo ya maji? Mchanga?
Zulia umeliinua? Cheche hujificha humo
na kuamka wakati sisi tunakula.
Funga kifungo cha shingo.
Shusha kioo, usichungulie pembeni.

Washa.