Utenzi wa Sufuria

Jirani, nipe sikio;
habari Muyeye mbio;
niseme mwenye kilio,
nisingoje kusemewa.

Naitwa Jefwa wa Ponda,
kaunta nikiilinda,
miaka kumi nakonda,
ujira ukidaiwa.

Malindi, wageni: raha;
wakiondoka, karaha:
bwawa kavu, bila siha,
viti vimepinduliwa.

Hoteli ikianguka,
Renato akaondoka,
pesa zangu zikaruka,
maua nikaachiwa.

Maua si ya harusi,
makavu tena mepesi,
yanukia kama nyasi:
ya bia, nikaelewa.

Na kimea cha shayiri,
na hamira nzuri nzuri,
na karatasi ya siri,
dakika nikapangiwa.

Fungu la kwanza, ukali;
la kati, ladha ya pili;
la tatu huvuta mbali
hata wasionuiwa.

Mamangu, Sidi wa Yaa,
magoti humsumbua,
usiku macho hukaa
tangu baba kufukiwa.

Naye ana mfuko wake:
mwarobaini apike,
homa mwilini itoke,
kila jani kwake dawa.

Msumari wa jikoni
uliyabeba shingoni
yangu na yake majani,
mifuko sawa kwa sawa.

Jumamosi asubuhi,
sufuria ya nikahi
nimeomba kwa Fakihi,
cha kupika kafichiwa.

Nikachochea makuti,
moto ukaja kwa dhati,
Kadzo kakalia kiti,
saa ya simu kapewa.

La kwanza likaingia,
uji ukalipokea,
nikawa najisifia:
mpishi wa kuzaliwa!

"Baba, la pili!" kalia.
Mfuko nikarukia,
moshi ukinipandia,
zima likamiminiwa.

Sufuria ikanuna,
ikavimba, ikanena,
povu likapanda tena,
kingo zikaelemewa.

Likashuka kwa mafiga,
moto mvuke ukapiga,
na kuku, mbio na woga,
ndala ikachukuliwa.

Kadzo kiti kaangusha:
"Baba, unababaisha!
Dakika tano zaisha!
La tatu halijatiwa!"

Nusu yake mchangani,
nusu ingali motoni,
nikatia, kwa imani,
yote niliyoachiwa.

Ilipopoa kaonja:
ulimi ukajikunja,
nikazunguka kiwanja,
kumbe ninanyweshwa dawa!

Arobaini maradhi
mwilini, ya kila hadhi,
yote, wala si baadhi,
papo yangalitibiwa.

Na mama? Siku ya pili,
jua likiwa ni kali,
mlango kama kufuli,
hodi haikujibiwa.

Tukaingia kwa hofu:
kitanda, shuka nadhifu,
mkoromo ni mrefu,
lori likikwamuliwa.

Na kikombe ubavuni,
masalia yake ndani:
maua yangu, jamani,
yamepikwa, yamelowa.

Kaamka adhuhuri,
uso mpole, wa kheri:
"Jefwa, jani lako zuri,
babako nimeletewa.

"Kakaa hapa kitini,
kauliza za shambani,
kacheka kama zamani,
kabla hajachukuliwa."

Nilitaka kueleza
jinsi nilivyopoteza;
neno langu nikameza,
likawa nalo ni dawa.

Sufuria ya Fakihi,
mchanga, ndimu, subuhi,
inanuka, si sahihi,
na yeye keshaambiwa.

Sasa usiku ukija
mama kikombe angoja;
konzi imebaki moja,
na mbali imetolewa.

Namwandikia Renato:
"Deni silo jambo zito;
unipe yale ya ndoto
maua, nasi tu sawa."