Dirisha la Tatu

Alikuja Jumanne, theluji ingali mabegani,
mzee Arvids Sprogis, fundi mstaafu wa reli
hapa Daugavpils.
"Elfu tisa na mia nane," akasema. "Zote. Leo."
Hakuniuliza habari za mama.
Kila Jumanne huniuliza habari za mama.

Fomu ikafunguka na maswali yake manane.
Zamani niliiona kero tu,
mwavuli wa wakubwa siku ya faini.
Unamjua unayemtumia? Namjua.
Ni nani kwako? Ni... benki.
Benki ipi, mzee? Benki ni sisi.
Akakohoa. Kiganja kikafunika mfuko wa koti
kama mtu aliyeficha kifaranga
anayeogopa kisije kikalia.

Ndipo nikaona mwanga ukipenya kitambaa.
Simu ilikuwa hewani.
Ndani ya mfuko ule mlikuwa na mtu, akisikiliza,
mtu wa sauti ya adabu, bila shaka,
aliyejiita afisa, aliyemwambia mzee
wezi wako humo humo benki,
chunga sana yule mama wa dirisha la tatu.

Nikachukua kikaratasi cha foleni,
nikaandika nyuma yake: Wanakusikia?
Nikakisukuma chini ya kioo,
huku nikisema kwa sauti, "Mtandao unasuasua leo, subiri kidogo,"
uongo pekee niliowahi kumwambia mteja
na sitautubu.

Alikisoma muda mrefu kwa maneno mawili.
Akautazama mfuko. Akanitazama.
Kisha mtu aliyekagua mataruma miaka thelathini na minane,
aliyeijua nyufa ya chuma kwa mlio wa nyundo,
akaitikia kwa kope.

Nami sijitii usafi.
Nilipoajiriwa tulikuwa na ghorofa ya pili,
zulia zito, kahawa katika vikombe vyembamba.
Huko fedha zilipanda kwa lifti
wala haziulizwi zimelala wapi jana.
Kampuni zenye sanduku la barua, hata kiti hazina,
zilileta mamilioni asubuhi yana matope,
jioni yakatoka yamepigwa pasi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tukapona. Bonasi yangu ilinunua jokofu,
bado lipo, bado linanguruma usiku.
Hadi wakaguzi wakapiga kufuli ghorofa ile,
na aibu ikashuka ngazi kwa miguu
ikaja kukaa hapa chini, nasi,
kwenye maswali manane.

Mzee akaitoa simu, akaisogeza mdomoni.
"Kijana," akasema, "sauti nzuri hiyo. Nani alikulipia shule?"
Akakata. Ndipo magoti yakamwishia.

Polisi walitueleza zilikokuwa zikienda:
kwa Deniss, mwanafunzi wa upishi kule Rezekne,
aliyekodisha kadi yake kwa euro mia mbili
na jozi ya raba.
Sikujua, alisema. Sikuuliza.
Kutouliza nako ni kazi,
nimeiona ikilipwa, na vizuri.
Kutoka kwake zingerukia akaunti nyingine, na nyingine,
na kabla supu ya mzee haijapoa
zingekuwa vigae vya jumba la mtu penye jua.

Hakunishukuru. Alinikasirikia,
kama unavyomkasirikia aliyekuona ukianguka.
Jumanne tatu dirisha langu halikumwona.

Ya nne akaja. Euro ishirini tu.
Nikahesabu, nikampa. Hakuondoka.
"Mbona huniulizi?"
Watu watatu nyuma yake wakaguna.
"Haya. Ishirini hizi, mzee Sprogis, ni za nini?"
"Mbegu za bizari," akasema, akanyoosha mgongo,
"na muuzaji namjua, na baba yake namjua.
Na mama, hajambo?"