Kikombe cha Profesa Halszka

"Kimevunjika," alisema.
Hakusema, nimekivunja.
Wenzake wakaweka kalamu chini,
maana katika chumba kile cha ghorofa ya nne, Krakow,
theluji ikijaa kwenye kingo za dirisha,
miaka thelathini wamekula kwa tofauti hiyo moja;
imewanunulia makoti, imesomesha watoto.

Otakar, mgeni kutoka Brno, aliinama
akaokota sikio la kikombe.
"Kidole kililegea, au ulikilegeza?"
Dobromir akadai sababu: tendo lisilo na sababu
ni kikohozi, ni mlango uliobamizwa na upepo.
Kinga, mwanafunzi, akaenda kutafuta ufagio.

Halszka alitazama chai ikipenya
kati ya mbao za sakafu.
Aliandika kurasa mia nne kuhusu kusudi,
linavyolala, linavyoamka,
linavyoushika msuli kama hatamu.
Hakuandika neno juu ya Novemba ile
simu ilipolia mara sita.

Namba aliijua. Hospitali ya Tarnow,
wodi ya kaka yake, ambaye hawakusemezana
tangu shamba la baba lilipouzwa.
Mkono ulikuwa juu ya meza, mzima,
haukupooza, haukufungwa kamba.
Haukuinuka.
Au: hakuuinua.

Usiku ule alijaribu kauli zote
(Kipolandi chake kina vichochoro vyake,
mimi namsemea kwa lugha yangu):
simu haikupokelewa, na hapo hayupo mtu;
haikupokeleka, basi lawama ni ya waya;
sikupokea.
Na hapo, mwanzoni kabisa, mbele ya kitenzi,
ameketi yeye,
silabi moja, nyembamba kama sindano,
inayokana na kukiri kwa pumzi ile ile.

"Bado tunasubiri," alisema Otakar, kwa upole,
sikio la kikombe likimng'aria kiganjani.

"Nilikiacha."

Dobromir aliandika. Otakar akakuna kidevu:
"Ulikiacha kianguke, au ulikiacha tu?"

Hakujibu. Kinga alikuwa amepiga magoti,
anazoa vigae, kidole kinamtoka damu kidogo,
wala hakuna aliyemuuliza kama alikusudia.
Kisha huko chini, ghorofa ya tatu,
mtu akaanza kugonga dari kwa mpini wa fagio,
ko, ko, ko:
chai ilikuwa imeshamfikia.