Mizani ya Ushirika

Jumatano ni siku ya kahawa. Magunia hushuka
kutoka milima ya Huila kwa nyumbu na pikipiki,
nami nakaa nyuma ya mizani, mwaka wa ishirini na mbili sasa.
Natia mkono guniani, nanusa, nauma punje moja,
naandika kilo. Mkulima anatia sahihi. Basi.

Mwezi Machi, mtu wa gunia la nne
alishika kalamu kwa kushoto.
Wino ukapakazika chini ya kiganja chake,
herufi zikalala chali.
Arcesio Rengifo. Niliisoma ile R,
yenye mguu mrefu kama wa mtu anayezuia mlango,
nikaisoma tena.

*Rubiel, milioni arobaini, ama umsahau kijana.*
Rubiel ni baba. Kijana ni Ovidio, kaka yangu,
aliyetoka kununua chumvi.
Mama aliuza ng'ombe, akauza kipande cha mtoni,
akauza kitanda, akalala sakafuni kama mgeni.
Tukalipa.
Tukaambiwa tumewalipa siyo.

Wakili kijana alikuja kutufafanulia sheria
darasani, tumekaa kwenye viti vya watoto,
magoti yakikaribia videvu.
Kushika bunduki: kumesamehewa.
Kuvaa sare, kulala msituni, kuipinga serikali: kumesamehewa.
Kumteka mtu na kumuuza kwa mama yake, hapana.
Lakini akisema yote, hatalala gerezani.
Atachimba barabara. Atafukua mabomu aliyoyafukia.
Akificha, miaka ishirini.

"Yote ni kiasi gani?" mama aliuliza.
Wakili akapekua makaratasi yake.

Binamu yangu Fanor hataki kusikia.
Barabara! anasema. Nipite juu yake niende wapi?
Afungwe, aote ukungu.
Doña Lucila, ambaye wake walikuwa wawili, anamjibu taratibu:
Mfungwa haonyeshi kaburi, Fanor.
Wamebishana mpaka supu ikaganda.
Nami nimewaitikia wote, kwa zamu,
na kila nilipoitikia nilimaanisha.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijamwambia padri.
Nilimwibia.
Kilo mbili kwa kila gunia lake, Machi hadi Oktoba,
kidole gumba chini ya sahani, uso mkavu.
Magunia thelathini na manne.
Na yeye alijua. Mtu aliyebeba gunia mgongoni
haambiwi uzito wake.
Alitazama mshale, akanitazama,
akachukua kalamu kwa kushoto,
akatia sahihi.

Sikuipenda ile sahihi. Ningependa anitukane.
Ningependa apige meza, nimwone Mashoto
walivyomwita huko msituni,
nisimwone huyu mzee mwenye viatu vya mpira
anayeokota punje zilizomwagika, moja moja.

Fomu ya mahakama iko jikoni, chini ya kopo la sukari.
*Mwathirika anadai nini?* Halafu mistari mitatu.
Mitatu tu, na mwandiko wangu ni mkubwa.

Jana ilikuwa Jumatano. Alishusha gunia,
akavua kofia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.
"Kesho nitasema mahali," alisema,
kwa sahani ya chuma, si kwangu.

Niliweka mikono yote miwili mezani, ionekane.
Hamsini na moja. Nikaandika hamsini na moja.

Zile sitini na nane ziko nyuma ya daftari,
kwa penseli.