Ni Wazi

Jumamosi saa kumi, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la Batuli.
Funguo ninazo mimi, na daftari la kaunta,
na deni la fotokopi, elfu tisa na mia sita.

Tulianza kumi na mmoja. Niliandika majina
kwa wino mwekundu, kama mtu anayepanga harusi.
Wiki ya pili, saba. Ya tatu mvua, wanne.
Ya nne tulibaki mimi na Shekalaghe,
tukatazamana kama mashahidi waliofika
na harusi imeahirishwa.
Akasema: "Mbili ni namba tasa. Fungua kitabu."

Kitabu chenyewe cha topolojia, nakala ya nakala,
kimefifia hata alama ya "imo" na ya "haimo"
zimekuwa alama moja.

Mwenda pole hajikwai, wanasema.
Sisi tulikwenda ukurasa mmoja kwa wiki
na bado tukajikwaa, ukurasa wa kumi na nne,
mstari wa tatu, penye maneno yale
ambayo mwandishi huyatupa njiani kama ganda la ndizi:
ni wazi kwamba.

Mhando, karani wa bandari,
anayehesabu makontena kutwa asikosee hata moja,
alifumba macho.
Mwanakombo, katoka zamu ya usiku Bombo,
harufu ya spiriti bado mikononi,
akasema: "Kwangu si wazi."
Kimya.
Kisha mmoja mmoja tukakiri.
Mimi, niliyeandaa somo, nilikiri mwisho.

Siku ile tukaweka sheria, na ndiyo pekee iliyodumu
(za kuwahi na za ada zilijifia zenyewe):
atakayesema "ni wazi"
atawanunulia wote kahawa na kashata,
kisha asimame ubaoni aoneshe.

Lakini lugha yetu nayo ina mitego.
Seti wazi, tuliiita,
kwa kuwa kila nukta ndani yake
ina pa kunyoosha miguu.
"Na hii je?" akauliza Shekalaghe.
"Ni wazi," Mhando akajibu,
tukamtoza kahawa.
Alikata rufaa hadi adhana ya magharibi.

"Mlango," alisema Batuli
(miezi miwili alikuwa akitusikiliza
huku akijifanya anapima mita),
"ama uko wazi, ama umefungwa."
Seti si mlango, tukamwambia.
Yaweza kuwa wazi na kufungwa kwa pamoja,
yaweza isiwe hiki wala kile.
Akaweka mkasi chini.
"Hiyo basi ni posa. Hawajakataa, hawajakubali."

Sura ya tano tukakosa neno.
Ile seti ambayo, uifunike kwa seti wazi
nyingi kiasi chochote, hata zisizo na idadi,
daima chache kati ya hizo zatosha.
Fumbata? Shikamano? Songamano?
Yote tuliyapigia kura, yote yakaanguka.
Batuli, kutoka mezani kwake:
"Mteja ana kochi. Anataka kila jora la dukani
litandazwe juu yake. Namwacha.
Kisha naondoa moja moja
mpaka yanabaki matatu, na kochi bado limefunikwa.
Hicho mnakiitaje?"

Mpaka leo pembeni mwa ukurasa tunaandika: kochi.
Mwanakombo amethibitisha kwa kurasa mbili
kwamba kila kochi, katika mazingira fulani, limefungwa.
Hakuna aliyecheka. Uthibitisho ulikuwa sahihi.

Mwezi ujao nahamishiwa Korogwe.
Daftari nimempa Mwanakombo, na deni ndani yake.
Funguo nimempa Batuli, akazigeuzageuza
kama mtu aliyeuziwa kuku wake mwenyewe.
Zoezi la saba bado liko ubaoni.
Chaki ya Mhando iliishia katikati ya "kwa hiyo".
Nimewaomba wasilifute.