Jiko la Barabara ya Kumi na Tatu

Mpangaji wa mwisho alikuwa kuku.
Nilimkuta amelalia mayai manne
juu ya majivu yaliyogeuka udongo,
nyuma ya choo, chini ya mchirizi wa bati,
pale ambapo mvua za vuli na za masika
zimelila jiko la mama miaka tisa
bila kunawa.

Kaka yangu Mbaruku alishapiga hesabu:
"Kilo ishirini na mbili, chuma chakavu,
angalau tupate hela ya luku."
Nikamwambia apime na kuku.

Kilua, fundi wa kuchomelea kule Makorora,
alilizunguka kama daktari asiyetaka kusema.
Akatia kidole sakafuni, kikatokea upande wa pili.
"Dada, hili si jiko. Ni chujio."
Mguu mmoja haupo.
Bawaba zimenuniana kama ndugu wenye kesi ya shamba.
Wavu umebaki ukingo tu,
ufizi wa kibogoyo.

Ila alipoligonga ubavuni kwa nyundo
likalia. Si ule mlio mfupi wa bati:
mrefu, wa kengele ya shule ya mtaa wa pili.
Akanyamaza. Akaligonga tena.
"Hiki chuma cha reli. Hakiletwi siku hizi."
Baba alikuwa karakana ya reli, Tanga hii hii.
Alikipataje, sisi hatukuuliza,
na mama hakutaja.

Siku ya kwanza, brashi ya waya.
Kutu ikatoka nyekundu kama vumbi la Muheza,
ikaingia puani, kwenye kanga, kwenye chai.
Siku ya pili nikaona brashi ni adabu nyingi mno,
nikashika tindo.
Bawaba nilizinywesha mafuta ya taa usiku kucha:
zikagoma.
Nikazipasha moto: zikagoma.
Nikazitukana kwa Kidigo
zikasogea.

Ndani ya kifuniko, chini ya masizi mazito kama lami,
msasa ukakwama.
Nikalowesha kitambaa. Mistari.
Minne imesimama, wa tano umeilalia,
minne, wa tano, fungu kwa fungu,
na kando ya kila safu picha iliyokwaruzwa kwa msumari:
samaki, kofia, baiskeli, jicho.

Mama hakujua kusoma.
Kumbe daftari alikuwa nalo.
Mwenye baiskeli anadaiwa mishkaki kumi na saba.
Mwenye jicho amefutwa, kwa mkwaruzo mmoja mrefu;
kama alilipa, au alikufa, au alisamehewa,
chuma hakisemi.

Nikaweka msasa chini.
Hapo pamebaki na weusi wake.

Kilua akatia sakafu mpya, mguu wa bomba,
wavu wa nondo nyembamba.
Akataka elfu arobaini. Nilikuwa na thelathini.
"Iliyobaki nitakula," akasema. "Niandike."
Nikachukua msumari, nikamchora miwani yake myeusi,
na mistari ishirini, lakini upande wa pili wa kifuniko,
maana safari hii mdaiwa ni mimi.

Moto wa kwanza haukuwa wa nyama.
Nililipaka mafuta ya mkia wa kondoo, nje na ndani,
nikajaza vifuu na mkaa, nikaliacha liungue.
Moshi wa buluu ukavuka ukuta
ukaingia kwenye shuka za Bi Kijakazi.
"Mnapika nini huko?"
"Kutu, Bi Kijakazi."
Akazianua kwa matusi.
Jioni alirudi na sahani.

Na mishkaki ya kwanza, niseme ukweli,
ya kushoto yote iliungua. Ya kulia ilitoka mibichi.
Nikasimama na upepeo, natafuta kosa la fundi,
hadi nikaukumbuka mkono wa mama:
daima ukianza kugeuza kushoto,
hata akiwa anaongea, hata akiwa anagombana.
Nikainama kuchungulia.
Tundu la hewa baba alilikata kombo,
upande huo, tangu siku ya kwanza.

Miaka yote ile nilidhani ni dini.
Kumbe ni tundu.