Chai ya Gavana

Babangu alikunywa chai ya Gavana.
Hilo sikatai. Niliulizwa kisimani, nikaulizwa msibani,
nikaulizwa na mwenye kunipimia ufuta Marikiti:
Alitia sukari? Ilikuwa na maziwa?
Kikombe kimoja, na mji mzima umekishika sikio.

Alitoka alfajiri na barua,
kofia ya vito kichwani, kanzu nimeipiga pasi mwenyewe,
kaa likaruka, likaunguza ukosi. Hakuniambia neno.
Barua ilikuwa na mambo manne:
mshahara wa wachukuzi wa Kilindini,
waliofungwa Ngomeni waachiwe,
uchaguzi kabla ya Ramadhani,
na la nne, asipigwe mtu risasi.
Vijana walikuwa na jambo moja tu,
na jambo moja hubebeka kuliko manne,
hasa ukiwa unakimbia.

Jioni, Tononoka, akapanda juu ya pipa
Faraji Mwinyikai, mpima karafuu,
mtu aliyezoea kungoja ulimi wa mizani utulie.
Akasema, "Nipeni siku saba."
Tsuma, kuli wa gati la tano, sauti kama king'ora,
akamjibu kutoka nyuma:
"Siku saba ni fungate, mzee! Wewe na Gavana mwaoana?"
Watu wakacheka.
Hapo ndipo tuliposhindwa. Si kwa bunduki; kwa kicheko.

Asubuhi mlango wetu wa Kibokoni una maandishi ya chokaa:
NJIA MBILI ZILIMSHINDA FISI.
Adhuhuri askari nao wakaja na karatasi yao,
wakaibandika juu ya chokaa:
mchochezi, asitoke mjini.
Baba akasoma yote mawili, miwani kwenye ncha ya pua.
"Fisi alitaka nyama," akasema. "Mimi nataka watu wavuke."
Kisha akaniomba ndoo na kitambaa.
Nikamnyima.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
na mwandiko ule, Mungu anisamehe, niliujua;
zile S zilizolala kama mtu aliyechoka
nilikuwa nazo nyingine, chini ya godoro.

Yakawa yaliyokuwa.
Daraja la Nyali lilifungwa siku kumi na moja.
Bendera ikateremka, nyingine ikapanda,
kamba ni ile ile, yalia vile vile.
Kamati ikamsamehe baba: ikampa kazi
ya kuhesabu funguo za maofisi
ambayo milango yake ilikwisha vunjwa.
Alizihesabu. Mia nne na sita.
Akadai risiti.

Mwaka haukuisha.
Usiku, mvua yapiga mabati, hodi ya kidole kimoja.
Tsuma, hana viatu, shati limegandana na mbavu.
Kamati imempa jina jipya: msaliti.
Kosa lake alisema, kikaoni, "Tungoje kidogo."
Baba hakucheka. Alimsogezea kigoda.
"Mwanajuma, bandika maji."

Mkono wangu ulikwenda kwenye mkebe wa chumvi.
Ukakaa pale.
Barabarani gari likapunguza mwendo,
likasimama, likapita.
Nikarudisha kifuniko.

"Sukari?" baba akauliza.

Tsuma alikitazama kikombe muda mrefu,
kama asomaye barua yenye mambo manne.
"Viwili," akasema.
Na sauti ile ya king'ora
haikufika hata dirishani.